Bango la Kusoma Nalo Lisomwe

Walimu wenzangu, wanafunzi wa usanifu wa michoro, karibuni.

Muhula huu mmepewa kazi ya kubuni mabango ya kuhamasisha usomaji, na michoro yenu ya awali nimeipitia. Kitabu kimefunguliwa, nyota zinaruka. Mtoto kakaa chini ya mwembe. Juu yake, kwa herufi nene: “Kusoma ni ufunguo wa maisha.” Nani atabisha? Na kwa kuwa hakuna wa kubisha, hakuna wa kusimama.

Tazameni bango hili ukutani. Ni kazi ya msanii wa Urusi, Aleksandr Rodchenko, ya mwaka 1924, aliyoifanyia shirika la uchapishaji la serikali kule Leningrad. Mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, Lilya Brik, kaweka kiganja kando ya mdomo, anaita. Sauti inamtoka kwa umbo la pembetatu linalopanuka, na ndani yake neno moja kubwa: vitabu. Kitabu chenyewe hakikuchorwa. Urusi wakati ule ilikuwa kwenye kampeni ya kufuta ujinga, iliyoanza kwa amri ya mwaka 1919, na wapita njia wengi hawakujua kusoma. Aliyejua alisoma neno. Asiyejua aliona mtu anaita. Pembetatu ile ina kazi, si pambo.

Lakini darasa lililo karibu zaidi mnalo kabatini kwenu: kanga. Pindo la kingoni, mji wa katikati, na jina, yaani maandishi yake. Jina ni mstari mmoja tu, umekaa chini ya mji, mara nyingi kwa herufi kubwa tupu. Kanga haimhimizi mtu asome, inamchokoza. Kaambiwa nani? Kafanya nini? Ukipishana na aliyejifunga, jicho linalitafuta jina kabla ya maua. (Sisi wanaume tunajifanya hatusomi. Tunasoma.)

Basi kiondoeni kitabu kwenye bango, wekeni maandishi. Sentensi tatu za hadithi, zikatike pale mtu anapotaka kujua kilichofuata. Hadithi tungeni wenyewe, au ombeni kibali kwa mwenye haki, maana bango likishabandikwa mtaani si zoezi la darasani tena. Chini yake mwelekezeni msomaji pa kuipata iliyobaki. “Tembelea maktaba” haitoshi. Andikeni Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, na saa za kufungua. Mziulize kwanza, msikisie.

Kuhusu herufi. Maneno yetu ni marefu. Ukiyabana kwenye safu nyembamba na kuzinyoosha kingo zote mbili, yanabaki mashimo katikati ya mistari. Panga kuanzia kushoto, kulia kuachwe huru. Na zimeni ule ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari unaofanywa na programu ya kompyuta: unafuata Kiingereza, utawapa “nyum-ba” wakati sisi tunakata “nyu-mba”. Nimeyaona haya hata kwenye vitabu vya shule, na sijazoea.

Rangi mbili zinatosha, na gharama inapungua.

Karatasi ya A3 ni milimita 297 kwa 420. Ng'ambo ya barabara haisomeki, lakini kwenye kituo cha daladala, mtu anayesubiri gari kwa hatua mbili tu kutoka ukutani, inatosha kabisa. Chapeni nakala moja nyeusi na nyeupe, iombeeni ruhusa ya kubandikwa, kisha simameni pembeni mtazame macho ya watu yanaishia mstari wa ngapi. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Wiki ijayo nileteeni maandishi kwanza, kwa kalamu, kabla mtu hajawasha kompyuta.