Zimwi, Kakao na Ahadi Ndogo

Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mliotoka Siaya na Kakamega alfajiri, asanteni kwa kuja hapa Kisumu.

Wengi wetu tulisimuliwa hadithi ya mama aliyewaficha wanawe pangoni na kuwafundisha wimbo: msifungue mpaka mnisikie nikiimba. Zimwi likajibanza kando, likaukariri ule wimbo, likaja kuuimba kwa sauti nzito. Watoto wakakataa. Likaenda kuilainisha sauti, likarudi. Watu hukumbuka zimwi. Mimi huwafikiria wale watoto nyuma ya mlango, ambao uhai wao umebaki kutegemea kama wanamjua mzazi wao.

Riwaya za dunia iliyoangamia zinauliza hilo hilo. Nitashika moja tu, The Road ya mwandishi Mmarekani Cormac McCarthy, iliyotoka 2006 na kupata Tuzo ya Pulitzer 2007. Miji imeteketea, majivu yamefunika jua, na watu wanakula watu. Mazimwi hasa. Baba na mwanawe, wote bila majina, wanasukuma toroli ya supamaketi kuelekea kusini, baharini. Mwandishi haelezi ni janga gani lililotokea, na alifanya vyema. Mtoto mdogo kama yule ana haja moja: baba akisema neno, liwe ndilo.

Tukio ninalolipenda kuliko yote halina bunduki. Kakao imebaki kidogo tu, ya mwisho. Baba anamkorogea mtoto kikombe, kisha anajimiminia maji ya moto matupu na kukaa akiyapuliza, kana kwamba naye ana kakao. Mtoto ameshaona. Anamkumbusha kuwa aliahidi kuacha mambo hayo. Baba anarudisha maji sufuriani, anachukua kikombe cha mtoto na kujigawia. Ndipo mtoto anasema kwamba inambidi amchunge kila wakati, maana anayevunja ahadi ndogo atavunja na kubwa. Maneno hayo aliyafundishwa na baba huyo huyo.

Kwetu, mzazi anayejinyima husifiwa, na anastahili. Akina mama wangapi wamesema "mimi nimeshiba" sufuria ikiwa tupu? Ila yule mtoto anaona kitu ambacho sifa zetu hukifunika: akizoea kudanganywa kwa upendo leo, kesho baba akimwambia "hatari imepita" atamwamini kwa lipi?

Mnaotoka Nyando na uwanda wa Kano, kwenye mafuriko ya mara kwa mara, hamhitaji riwaya kulijua hili. Maji yakiingia nyumbani usiku, mtoto hubebwa mgongoni na kuambiwa, "Nishike shingo, sikuachi." Anashika, na kweli haachwi. Baadaye familia inalala darasani, kwenye shule iliyo juu kidogo, naye anauliza, "Baba, tutarudi nyumbani lini?" "Kesho." Kesho inapita, na nyingine. Mzazi anasema hivyo kwa huruma, najua. Lakini ile imani iliyojengwa majini inamegwa pale darasani, kidogo kidogo, wakati "sijui, ila tutakuwa pamoja" ingetosha na ingekuwa kweli.

Mwishoni mwa riwaya, baba anakufa. Mtoto anakaa na mwili siku tatu, kisha anatokea mwanamume mgeni. Mtoto anamhoji: una watoto? Mnakula watu? Majibu mazuri hata zimwi lingeyatoa, na mgeni mwenyewe anakiri kuwa hakuna uhakika, itabidi ajaribu tu. Mtoto hataki baba aachwe wazi, anaomba amfunike blanketi. Mgeni anasema atafanya yeye. Mtoto anaporudi kumuaga baba, anamkuta amefunikwa.

Wapo wasomaji wanaoona mgeni huyu kaletwa kirahisi mno. Sikubaliani nao. Mtoto aliyemkamata baba yake kwa kikombe cha maji ya moto hatamwamini mtu kwa maneno matupu, na mwandishi amempa kitu cha kupimia. Walimu, mkiifundisha riwaya hii, someni kurasa za kakao na za blanketi siku moja, kisha waulizeni wanafunzi wao wangemwamini mgeni yule kuanzia wapi.