Watoto Wapime Darasa Lao: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Ubunifu Majengo Wanaokwenda Kuendesha Warsha Katika Shule za Msingi

Waheshimiwa walimu, ndugu wanafunzi wa mwaka wa tatu,

Nimeombwa kuzungumza nanyi kabla hamjaanza kwenda katika shule za msingi za jiji hili la Dar es Salaam, na nitajikita katika jambo moja tu. Mtakapokuwa mbele ya watoto wa darasa la nne na la tano, kazi yenu itakuwa kuwafundisha kuamua jambo kuhusu jengo na kulitolea sababu mbele ya wenzao. Kuchora wanakujua tayari, na wengine watachora vizuri kuliko mnavyotarajia, lakini mtoto anaweza kuchora vizuri sana bila kufikiri lolote kuhusu jengo.

Mpe mtoto wa Mbagala au Manzese karatasi, umwambie achore nyumba. Mara nyingi atakuletea mraba wenye paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili, na juu ya paa bomba la kutolea moshi, ingawa hajawahi kuingia katika nyumba yenye bomba hilo. Ameitoa picha hiyo vitabuni, naye anairudia kama anavyorudia herufi aliyokwisha kuikariri. Mtoeni hapo, mumrudishe mahali anapokaa saa nyingi za siku, yaani darasani kwake, kwa kuwa kuhusu mahali hapo yeye anajua mengi kuliko ninyi. Anajua ni dawati lipi linalopigwa na jua asubuhi. Anajua kwamba mvua kubwa ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, mwalimu hasikiki tena na somo limekwisha. Anajua ni wapi ubao hung'aa kiasi kwamba aliyekaa pembeni hawezi kusoma kilichoandikwa. Ni nadra sana mtu mzima kumwuliza mambo hayo, na hata wale wanaosanifu shule wengi wao hawajakaa kwenye dawati la mtoto tangu walipoliacha wenyewe.

Anzeni, basi, na kupima. Kabla ya kutoa futi kamba, waacheni wapime kwa miili yao, kwa shubiri, kwa dhiraa (kiwiko hadi ncha ya kidole), kwa pima (upana wa mikono miwili iliyonyooshwa) na kwa hatua, kama walivyopima mafundi wa pwani kwa karne nyingi. Baada ya muda mfupi watabishana, kwa kuwa pima ya mmoja si pima ya mwenzake, na hapo ndipo futi kamba itakapokuwa na maana kwao. Kisha ingieni katika hesabu ya mzingo na eneo ambayo mwalimu wao anawafundisha, lakini hesabu hiyo iwe juu ya sakafu wanayoikanyaga. Tuseme darasa lina meta 7 kwa meta 9, yaani meta za mraba 63. Kiwango kinachotakiwa na serikali ni wanafunzi 45 katika chumba kimoja, kwa hiyo kila mmoja anapata meta za mraba 1.4, ikiwemo sehemu yake ya mahali anaposimama mwalimu na njia ya kupita. Wakiwa 90, na mnajua kuwa shule za namna hiyo zipo, kila mmoja hubaki na 0.7. Msiishie kwenye jibu la ubaoni. Watoeni nje wachore kwa chaki, juu ya saruji ya kibaraza, mraba wenye upande wa sentimeta 118, na kando yake mwingine wa sentimeta 84, kisha kila mtoto asimame ndani ya mmoja na baadaye ndani ya mwingine, akiwa na mkoba wake. Nimewaona watoto wakinyamaza ndani ya ule mdogo, halafu wakaanza kuwavuta wenzao waingie ili wahakikishe. Tangu hapo eneo si kanuni ya kukariri tena.

Baada ya nafasi, nendeni kwenye jua, na hapa nawaomba msiwe na haraka. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita upande wa kusini mwezi wa Desemba na upande wa kaskazini mwezi wa Juni, nalo huwa juu sana, hivyo ukingo wa paa unatosha kulizuia. Linalosumbua ni jua la asubuhi na la jioni, ambalo huingia likiwa chini, kutoka mashariki na magharibi, na ndiyo sababu tunapendelea kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Ninyi mlilisoma jambo hili katika michoro ya njia ya jua. Mtoto halihitaji kwa namna hiyo. Anahitaji boksi la sabuni lililotobolewa madirisha upande mmoja, tochi ya simu yenu na alama za dira zilizochorwa sakafuni. Katika warsha moja niliyoshuhudia, kikundi kimoja kilibandika ukanda wa boksi juu ya madirisha ili kuongeza upenu, na mwanga wa tochi haukuingia tena. Kikundi cha jirani kikapinga: mkirefusha namna hiyo, siku ya mawingu darasa litakuwa giza na hatuna umeme. Wakafupisha ukanda, wakapima tena, wakageuza boksi zima, wakabishana upya. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akiwasimamia alikaa kimya muda wote huo, na kwa maoni yangu hakuna alichokifanya siku hiyo kilichokuwa bora kuliko kule kukaa kimya. Mkiona mtoto anakosea, msimnyang'anye mkasi. Mwulizeni maji ya mvua yataelekea wapi, au upepo wa kusi utaingilia wapi, kisha msubiri.

Kuhusu uimara wa majengo nitasema machache, kwa kuwa jaribio lake ni jepesi. Karatasi tambarare ikilazwa juu ya vitabu viwili hulegea hata kabla ya kuwekewa sarafu. Ikikunjwa mikunjo midogo ya kupanda na kushuka, huzibeba sarafu kadhaa. Hamtahitaji kuwaeleza zaidi, maana wapo watakaotazama juu na kuona migongo ya bati. Wakubwa kidogo waulizeni kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni virefu lakini vyembamba, kisha wapeni vijiti vya urefu mmoja na kuta mbili za boksi wazisogeze wenyewe. Watagundua kwamba boriti za mikoko za dari, ambazo urefu wake una kikomo kama vijiti hivyo, ndizo zilizoamua upana wa chumba. Na kama shule iko karibu na Kariakoo, watoto waitazame ile paa ya soko iliyosanifiwa na Beda Amuli, soko lililofunguliwa mwaka 1975, na wasimame wafikirie zile nguzo zilizopanuka juu kama miavuli ya zege.

Liko jambo ambalo wengi wenu mtatamani kulikwepa, nalo ni vyoo. Viwango vyetu vinataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na shule nyingi hazijavifikia. Mtoto haijui takwimu hiyo, lakini anaijua foleni. Waulizeni kengele ya mapumziko ikilia wanakimbilia wapi kwanza, na wangapi husubiri hadi warudi nyumbani. Wasichana wa madarasa ya juu wazungumze na wanafunzi wa kike wa chuo peke yao, wakiwapo na mwalimu wao wa kike. Watawaambia kuhusu mlango usio na komeo, maji yaliyo mbali na choo, na njia ya kwenda chooni inayopita mbele ya uwanja wa wavulana. Hayo matatu ni masuala ya ubunifu kamili, yanahusu mpangilio, mwelekeo na maelezo ya ujenzi, na nayapa uzito mkubwa kuliko sura ya mbele ya jengo lolote ambalo nimewahi kulisahihisha katika studio. Yaandikeni kama mnavyoyaandika mahitaji ya mteja, bila jina la mtoto.

Kazi hii haikuanzia kwetu. Helsinki ina shule ya usanifu kwa watoto iitwayo Arkki tangu mwaka 1993, na Umoja wa Kimataifa wa Wabunifu Majengo una programu yake ya usanifu na watoto. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa hapa Afrika. Diébédo Francis Kéré alisoma katika darasa lenye joto na mwanga hafifu huko Burkina Faso, na alipokuwa bado mwanafunzi wa usanifu mjini Berlin alirudi na kujenga shule ya msingi ya kijiji chake, Gando, pamoja na wanakijiji. Ilikamilika mwaka 2001. Aliinua bati juu, akaacha nafasi kati yake na dari ya udongo, ili hewa ya moto itoke badala ya kuwashukia watoto. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004, na yeye akapata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wabunifu majengo duniani, mwaka 2022. Kumbukumbu ya mtoto aliyekuwa akitoka jasho darasani iligeuka kuwa paa, na watoto mtakaokutana nao wanazo kumbukumbu kama hizo leo hii.

Namalizia na utaratibu. Kibali cha halmashauri kipatikane kabla ya kwenda shuleni, na msipige picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Msinunue vifaa vya bei ambayo mwalimu hataweza kuimudu mkishaondoka. Maboksi, vijiti, gundi ya unga na kamba vinatosha. Msiwaahidi watoto jengo. Vielelezo na michoro yote ibaki shuleni, ninyi mkitaka kumbukumbu chukueni nakala. Siku ya mwisho mwombeni mwalimu mkuu aalike kamati ya shule, na watoto wenyewe wasimame waeleze walichopima na wanachopendekeza, kwa sababu kamati hiyo ndiyo inayojadili fedha za ukarabati zinapokuja. Kisha kamati na watoto wachague jambo moja linalowezekana ndani ya muhula huo: komeo la mlango wa choo, dawati kuhamishwa kutoka penye jua, au mti upandwe upande wa magharibi wa darasa. Kila kikundi chenu kirudi muhula unaofuata kuangalia kama limefanyika, na taarifa ya ziara hiyo ndiyo nitakayoisahihisha.