Mpime Mwenyewe Kwanza, Mbao Baadaye

Mwangaluka, mama zangu, nanyi vijana wa randa na patasi.

Mama yangu alidarizi mashuka kwetu Igoma miaka mingi, ringi, ile duara ya kukaza kitambaa, ameibana kwa magoti, mkono mmoja umeshikilia kitambaa, mwingine sindano. Ikifika jioni vidole vya kushoto havinyooki. Nilipojua useremala, nikamtengenezea stend ya kushika ringi, ili mikono yote miwili ifanye kazi: mmoja juu unachoma, mmoja chini unapokea.

Ile ya kwanza niliiharibu. Paini mbichi, misumari, na kimo nilichokikadiria nikiwa nimesimama karakana, wakati mama hudarizi amekaa mkekani! Ringi ikamfika kidevuni. Masika yalipokatika mbao zikasinyaa, misumari ikalegea, kila akivuta uzi stend inayumba.

Tazameni hii. Ubao wa mninga mkavu, unene inchi moja, upana inchi nane. Haina miguu. Mama anaukalia ubao, unaingia chini ya paja, na uzito wake ndio nanga. Awe mkekani au kitini, kimo ni kilekile, kwa kuwa kimepimwa kuanzia pale anapokalia hadi kwenye kiwiko, mabega yakiwa yamelegea.

Nguzo hii iliyosimama juu ya ubao ndiyo yenye kazi. Ulimi wake, yaani ncha ya chini iliyochongwa nyembamba, umepenya ubao wote, ukapigwa kabari kwa chini. Vijana, sogeeni muone: kabari imekatiza nyuzi za ubao. Ukiifuatisha na nyuzi, ubao utapasuka mbele ya macho yako. Mbao husinyaa kwa upana zaidi kuliko urefu, na msumari haujui hilo.

Juu kuna mkono wa kushika ringi, una bolti na nati ya masikio ya kukaza kwa vidole. Katikati nimeweka kipande cha ngozi, kinang'ang'ania bila kukaza sana. Nguzo iwe upande gani? Muulize anapitisha mkono upi chini, kisha iweke upande wa pili.

Msasa usiuamini kwa kiganja. Pitisha soksi ya nailoni. Ikinasa popote, uzi wa hariri nao utanasa. Vanishi ikauke kabisa kabla shuka jeupe halijaigusa.

Haya, tumpime nani? Mama wa kilemba cha njano, karibu, njoo na mkeka wako.