Mswaki wa Mkono au wa Umeme: Tuanze na Mkono Wenyewe

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wengine, habari za jioni.

Nimekuja na miswaki miwili mfukoni. Huu wa mkono nimeununua duka la hapo nje kwa bei ya soda mbili. Huu wa umeme aliniletea mdogo wangu kutoka Muscat. Mmeniita niseme upi unasafisha zaidi.

Jibu lipo. Mwaka 2014 watafiti wa Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 56 yaliyohusisha watu zaidi ya 5,000. Baada ya miezi mitatu na kuendelea, waliotumia wa umeme walikuwa na utando wa bakteria kwenye meno pungufu kwa asilimia 21, na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11. Wa umeme umeshinda. Ningeweza kukaa sasa hivi, tukanywe chai.

Lakini umemshinda nani? Umemshinda mtu anayepiga mswaki kwa mkono namna tunavyopiga sisi. Nawaona kila siku kwenye kiti changu cha kutibia meno: sekunde thelathini, kulia kushoto kama msumeno, meno ya mbele yanang'aa, magego kwa upande wa ulimi hayajaguswa tangu Idi. Mashine hii haijui jino ni nini. Ila haichoki, na nyingi zinahesabu dakika mbili, zikikushtua kila baada ya sekunde 30 uhamie upande mwingine. Mimi naamini sehemu kubwa ya ushindi wake imo kwenye saa hiyo kuliko kwenye mota.

Mwenye mkono mzima anaweza kuufikia ushindi huo bila chaja. Laza nywele za mswaki pale jino linapokutana na ufizi, ziinamie ufizi kama digrii 45. Tikisa taratibu, meno mawili matatu, kisha sogea. Ushike kwa vidole kama kalamu. Ukiukamata kama mwiko wa ugali, utakwangua, na ufizi ukishashuka hauoti tena. Nunua wenye nywele laini, hata kama jirani anakwambia mgumu ndio unaotakatisha. Mgumu waachie masufuria.

Mnaocheka, kumbukeni mswaki kwetu ni mti kwanza. Kiplastiki hiki kimerithi jina la kijiti. Nywele za nailoni ziliingia sokoni Marekani mwaka 1938. Kabla ya hapo zilikuwa za nguruwe, kwa hiyo babu zenu wa pwani walikuwa na sababu ya kutouonea haya mti wao.

Sasa, nani nitamwambia atoe hela anunue wa umeme? Aliyepigwa na kiharusi mkono ukabaki mzito. Mwenye baridi yabisi asiyeweza kukunja vidole. Mpini wake mnene peke yake ni nafuu. Kijana mwenye nyaya za kunyoosha meno. Na wewe unayemuuguza mzazi kitandani, unayemswakia mtu mwingine. Hili wala si wazo langu: Broxodent, mswaki wa umeme uliobuniwa Uswisi mwaka 1954, ulikusudiwa mwanzoni wagonjwa wasiomudu mikono yao na wenye nyaya. Sisi wazima tumeudandia baadaye.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji swali moja: vichwa vyake vinapatikana hapa mjini? Kichwa hubadilishwa kila miezi mitatu hivi, kama mswaki wa kawaida, na nywele zikishatawanyika mota haikusaidii kitu. Na ukiletewa zawadi kutoka Marekani, pindua chaja usome maandishi madogo. Ikisema volti 110 hadi 120 tu, usiichomeke. Umeme wetu ni 230, utasikia harufu kabla hujaona moshi.

Dawa ya meno nitaisema haraka kwa sababu chai inapoa: iwe na floraidi, madini yanayolinda jino lisioze, na ukimaliza tema tu, usisukutue kwa maji. Floraidi ibaki kwenye jino ifanye kazi.

Naona mama pale nyuma ananyooshea kidole huu wa Muscat, anataka niuwashe. Unawaka, mama, sikiliza. Lakini kichwa cha mwisho kiliisha mwezi wa tatu. Tangu hapo natumia huu wa soda mbili, simu nimeiegemeza kwenye kioo inahesabu dakika.

Haya, mama, swali lako.