Madonge ya Chuma Katika Miamba ya Mchanga ya Utah

Mabibi na mabwana, kusini mwa jimbo la Utah nchini Marekani kuna mwamba wa mchanga uitwao Navajo, ambao katika zama za Jurasiki, yaani zama za dinosaria, ulikuwa vilima vya mchanga wa jangwani. Chini ya majabali yake hukutwa madonge ya mviringo, meusi au ya hudhurungi, yenye kipenyo cha kuanzia milimita chache hadi sentimita kadhaa, na wengi huyaokota wakiamini kuwa wamepata vimondo.

Asili yake ni maji. Punje za mchanga huo zilivikwa utando mwembamba wa hematiti, madini ya chuma kilichoungana na oksijeni, na ndio ulioupa mwamba rangi nyekundu. Baadaye maji ya chini ya ardhi yasiyo na oksijeni yalipenya, yakayeyusha chuma hicho na kuuacha mwamba ukiwa mweupe mahali pengi; yalipokutana na maji yenye oksijeni, chuma kiliganda upya baina ya punje na kuzigandamanisha. Kwa hiyo ukilipasua donge hukuti chuma kitupu, bali mara nyingi mchanga wa rangi hafifu uliozungukwa na gamba jeusi, na kwa lenzi ya mkono punje zake huonekana moja moja. Kwangu mimi, hakuna ushahidi unaoushinda huu kwamba donge si kimondo.

Asiyetaka kulipasua alisugue kwenye upande wa kigae usio na rangi ya kung'aa. Hematiti huacha unga mwekundu wa hudhurungi, hata kama jiwe lenyewe ni jeusi tititi. Goethiti, madini mengine ya chuma, huacha unga wa manjano ya hudhurungi. Kimondo ambacho hakijashika kutu kwa kawaida hakiachi rangi ya namna hiyo. Sumaku nayo husaidia, kwani vimondo vingi huinasa ilhali madonge haya huvutwa kidogo au hayavutwi kabisa, lakini isitegemewe peke yake, maana magnetiti, madini ya chuma ya hapa hapa duniani, huvutwa kwa nguvu.

Mwaka 2004 chombo cha utafiti cha Marekani kiitwacho Opportunity kilikuta vijiwe vya duara vyenye hematiti katika uwanda wa Meridiani kwenye sayari ya Mirihi, na mwaka huo huo mwanajiolojia Marjorie Chan wa Chuo Kikuu cha Utah na wenzake walivilinganisha na madonge haya. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu madonge yalichunguzwa yakiwa bado ndani ya mwamba, ambako tabaka lake na mkondo wa maji ya kale husomeka. Ndiyo maana nawasihi wakusanyaji waandike mahali na tabaka kabla ya kunyanyua chochote, na wasichukue kitu katika hifadhi za taifa, ambako sheria inakataza.