Samaki wa Apuleius na Kitabu cha Roma cha Mwaka 1469

BAKARI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Wiki hii dada Mwanaidi amekishika kwa mikono yake kitabu ambacho amekuwa akikizungumzia tangu kipindi hiki kianze. Nimemwomba afungue mazungumzo yeye, kwa sababu mimi nikianza nitaenda moja kwa moja kwa Augustino, yule askofu Mkristo wa kale wa Afrika Kaskazini, na mnajua mambo hayo huishia wapi.

MWANAIDI: Ahsante, kaka Bakari. Ni toleo la kwanza kuchapishwa la maandishi ya Apuleius, mwandishi wa Kilatini wa karne ya pili, lililokamilika Roma tarehe 28 Februari 1469, kazi ya wachapaji wawili wa Kijerumani, Conrad Sweynheym na Arnold Pannartz, waliohamia mjini humo kutoka Subiaco. Msimamizi wa chumba cha kusomea alikilaza juu ya mto mbele yangu na kuniacha nacho. Hakina ukurasa wa jina wala namba za kurasa. Karatasi yake ya matambara bado ni imara, na unapoigeuza unaisikia. Mwanzoni mwa kila sehemu wachapaji waliacha nafasi ili mchoraji aje kuandika herufi kubwa kwa rangi. Katika nakala niliyoiona, baadhi zimejazwa bluu na nyekundu, na nyingine zimebaki wazi mpaka leo.

BAKARI: Waeleze na uchache wake.

MWANAIDI: Mwaka 1472 ombi la wachapaji hao lilipelekwa kwa Papa Sixtus IV, likiorodhesha vitabu walivyochapa, na vingi vilitoka kwa nakala 275 tu. Walilalamika kwamba nyumba yao ilikuwa imejaa karatasi zilizochapwa, lakini mahitaji ya maisha hayamo. Ninapofikiria kwamba maandishi haya yalitufikia kupitia watu waliokuwa wakikosa riziki, moyo wangu unawashukuru. Leo tumeahidi mambo matatu: namna ya kutambua toleo la kale, yaliyomo katika kitabu hiki, na sababu ya kukiita kitabu cha elimu ya siri. Nitaanza na la pili. Ndani yake kuna hadithi ya Lucius, aliyegeuzwa punda kwa uchawi na kuokolewa na Isis, mungu wa kike wa Misri. Kuna risala kuhusu mungu wa Sokrate, inayoeleza roho zinazokaa kati ya miungu na wanadamu. Kuna mazungumzo yaitwayo Asclepius, ya Hermes Trismegistus, mwalimu wa siri wa simulizi za kale. Na kuna hotuba ambayo Apuleius alijitetea nayo mahakamani aliposhtakiwa kwa uchawi.

BAKARI: Na katika mashtaka hayo kulikuwa na samaki.

MWANAIDI: Nilijua utawataja, lakini tumalize kwanza yaliyomo.

BAKARI: Samaki ndio yaliyomo, dada. Apuleius alikuwa mzaliwa wa Madauros, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Alifika Oea, yaani Tripoli ya sasa, akamwoa mjane tajiri aitwaye Pudentilla, ambaye alikuwa amekaa bila mume kwa karibu miaka 14. Jamaa za marehemu mumewe waliona mali inawaponyoka, wakadai kwamba mgeni huyu amemroga. Kesi ilisikilizwa Sabratha mwaka 158 au 159, mbele ya gavana Claudius Maximus, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kifo. Ushahidi wa kwanza wa uchawi ulikuwa nini? Kwamba aliwatuma wavuvi wamtafutie samaki wa aina fulani.

MWANAIDI: Naye akauliza alitakiwa kuwatafuta kwa nani, kwa mtarizi au kwa seremala?

BAKARI: Ndiyo! Mtu yeyote aliyekulia pwani anaielewa nguvu ya jibu hilo. Halafu, badala ya kukana, alikiri mbele ya mahakama kwamba ni kweli hupasua samaki ili aone maumbile yao, kama alivyofanya Aristotle kabla yake, na akaamuru kitabu chake mwenyewe kuhusu samaki kisomwe mahakamani. Akamtaja mtumwa wake Themison, aliyejua mambo ya tiba, kwamba ndiye aliyemletea samaki mmoja wa ajabu, na kwamba alimkuta tumboni na vijifupa 12 vilivyoungana kama mnyororo, vinavyofanana na vifupa vya kisigino cha nguruwe. Mtu anapiganiwa roho yake, naye anahesabu vijifupa! Mimi nampenda kwa hilo.

MWANAIDI: Nami nampenda zaidi kwa ile barua. Washitaki walikuwa na barua ya Pudentilla kwa mwanawe, nao walitembeza sentensi moja tu inayosema kwamba Apuleius ni mchawi na amemroga. Yeye akaomba isomwe yote. Ikadhihirika kwamba mama huyo alikuwa akiwalaumu waliokuwa wakimtia mwanawe maneno hayo kichwani, na kumsihi arudi kwake kabla hajapoteza akili zake mwenyewe.

BAKARI: Hapo nakubali kabisa. Lakini samaki hawakumwondolea shaka yote, kwa sababu kulikuwa na sanamu pia. Walisema anaabudu kwa siri sanamu ya mifupa. Yeye akaitoa mbele ya gavana, ikaonekana ni mungu Mercury aliyechongwa kwa mpingo, akasema kwamba yeye husafiri naye popote na humtolea ubani sikukuu. Sasa, Mercury wa Warumi ndiye Hermes wa Wagiriki. Na katika kitabu ulichokishika wiki hii, Hermes huyo anafundisha katika Asclepius kwamba wanadamu huweza kutengeneza miungu kwa kuingiza roho katika sanamu, kwa mitishamba, mawe na manukato. Yote yamo ndani ya jalada moja. Toleo la 1469 linatufunulia mtu ambaye hotuba ilimficha.

MWANAIDI: Hapana, kaka. Toleo hilo limemtengeneza mtu ambaye hakuwapo. Hotuba na hadithi ya punda zilihifadhiwa kwa njia moja ya miswada, ambayo mzizi wake ni mswada wa karne ya 11 ulionakiliwa katika monasteri ya Monte Cassino, Italia, na uliopo Firenze hadi leo. Risala za falsafa zilisafiri kwa njia nyingine, na Asclepius ikafuatana nazo, ingawa hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba Apuleius ndiye aliyeitafsiri kutoka Kigiriki. Mhariri, Askofu Giovanni Andrea Bussi, ndiye aliyeunganisha njia hizo mbili katika chapa. Washitaki wa Sabratha walikata sentensi moja kutoka kwenye barua ili wamtie hatiani. Wewe unambandikia kitabu kizima ambacho si chake.

BAKARI: Bussi hakuwa wa kwanza. Augustino, aliyesoma shule Madauros kwenyewe, katika kitabu cha nane cha Mji wa Mungu anabishana kwanza na Apuleius kuhusu roho, kisha anamgeukia Hermes na sanamu zake. Huyo aliwaweka pamoja zaidi ya miaka 1,000 kabla ya chapa ya Roma.

MWANAIDI: Aliwaweka pamoja ili awapinge wote wawili. Mshitaki kuwaweka watu wawili kizimbani pamoja hakuwafanyi kuwa washirika.

BAKARI: Lakini Mwafrika wa kaskazini aliyeishi karibu zaidi na zama za Apuleius kuliko sisi aliona mambo hayo yanahusiana, nami nampa uzito kuliko mpangilio wa miswada.

MWANAIDI: Nami naupa uzito mpangilio wa miswada, kwa sababu miswada haikuwa na ugomvi na mtu.

BAKARI: Sikubaliani nawe, na sioni kama nitakubaliana.

MWANAIDI: Wala mimi. Tena muda wetu umebaki dakika chache, na kati ya yale mambo matatu tumegusa moja tu, nusunusu.

BAKARI: Basi tuyaache. Nisomee ile sehemu ya Lucius siku ya kuingizwa katika siri za Isis.

MWANAIDI: Anasema kwamba alifika kwenye mpaka wa mauti, akakanyaga kizingiti cha Proserpina, malkia wa kuzimu, akarudi akiwa amepitishwa katika asili zote za ulimwengu, na usiku wa manane akaliona jua likiwaka kwa nuru nyeupe.

BAKARI: Na huyo unasema hakuwa mtu wa siri?

MWANAIDI: Nasema kwamba anayesimulia ni Lucius, kaka Bakari. Anayepasua samaki ni Apuleius.