Mlenda wa Kukaanga

LAZARO: Mbukwenyi, mbukwenyi! Mmerudi tena, nasi tumerudi. Leo nina karatasi. Mambo matano ambayo mwandishi wa kujitegemea inabidi ayafanye kabla akili mnemba haija…

NEEMA: Mtani, weka karatasi chini kidogo.

LAZARO: Nilijua tu.

NEEMA: Wiki hii mteja mmoja, simtaji, wa mambo ya utalii, kanitumia makala ya vyakula vya Dodoma. Anasema rasimu ipo tayari, imetoka kwenye mashine, wewe pitia tu. Nusu ya bei.

LAZARO: "Pitia tu." Hilo neno limeniua mimi mwaka huu.

NEEMA: Nafungua. Kiswahili kimenyooka, koma zimekaa mahali pake. Nafika aya ya tatu: mlenda hukaangwa kwenye mafuta mengi mpaka uwe mkavu.

LAZARO: Mpaka uwe nini? Mboga ya kuteleza ile?

NEEMA: Mkavu, Lazaro. Na huliwa kwa uma.

LAZARO: (anacheka) Ngoja… ngoja nipumue. Sasa ugali wa uwele unashukaje? Bibi kule Mvumi akisikia atauliza hiyo mashine imeolewa na nani.

NEEMA: Halafu inasema zabibu zetu zinavunwa mara moja kwa mwaka.

LAZARO: Mara mbili! Hata mtoto wa Hombolo anajua. Lakini tuache zabibu, turudi kwenye uma.

NEEMA: Nikaona nisijifanye najua. Nikachukua bodaboda hadi soko la Majengo, kwa mama mmoja anayeuza mlenda wa unga.

LAZARO: Mimi nipo, Mgogo mzima, simu inaita. Unaenda Majengo?

NEEMA: Wewe unajua kula. Mama akanielekeza: maji yachemke, magadi kidogo, unanyunyiza unga huku unakoroga, mwisho karanga zilizosagwa.

LAZARO: Karanga?

NEEMA: Karanga.

LAZARO: Hapana. Karanga ni za wageni, mnaweka kuficha ladha. Nyie wanywa ulanzi wa Iringa kila chungu mnataka kukirekebisha.

NEEMA: Aliyesema ni Mgogo mwenzako!

LAZARO: Basi ameolewa Iringa. Wasikilizaji, tumeni ujumbe, karanga ndiyo au hapana. Hili tulimalize leo.

NEEMA: Tulikuwa tunaongelea akili mnemba.

LAZARO: Ndiyo hiyo hiyo. Kwa nini ilikaanga?

NEEMA: Kwa sababu haijui mlenda. Inakisia neno linalofuata kwa kufuata maandishi iliyolishwa. Mboga za kukaanga zimeandikwa hadi basi, za kwetu nani kaandika? Bibi yako alikoroga, hakuandika. Ikikosa, inajaza pengo, na inajaza kwa sauti ile ile ya kujiamini. Ndiyo maana kupitia rasimu yake kulinichukua muda kuliko ningeandika mwenyewe. Kila sentensi unaishuku, hata ile ya kweli.

LAZARO: Na nauli ya boda?

NEEMA: Mteja kasema haihusiki.

LAZARO: Eeh. Sasa waambie na ile kazi yako nyingine.

NEEMA: Ipi?

LAZARO: Ya usiku.

NEEMA: Usiseme hivyo, mama anasikiliza! Nasahihisha Kiswahili cha mashine. Inaandika majibu mawili, nachagua lililo bora, naeleza kwa nini, nalipwa kwa saa. Na wanalipa kwa wakati, tofauti na magazeti niliyoyaandikia.

LAZARO: Unamwonyesha mwizi mlango wa nyuma, dada yangu. Mlenda huu wa Majengo umeuweka kule?

NEEMA: Swali la mlenda likija, nitauweka.

LAZARO: Basi mwakani yule mteja hatakuhitaji hata kwa nusu.

NEEMA: Nisipofanya mimi, atafanya mtu asiyejua, na mwanao atasoma mlenda wa uma. Halafu ada ya shule mwezi wa kwanza inalipwa na msimamo wako?

LAZARO: Waandishi wa filamu Marekani waligoma 2023, siku 148. Wakapata mkataba: mashine haihesabiwi kuwa mwandishi, na kampuni ikikupa kitu kilichoandikwa na mashine ni lazima ikuambie. Hawakusema "ada ya shule."

NEEMA: Wana chama, kaka! Wao wakigoma, studio inasimama. Mimi nikigoma hapa Area D nani anasimama? Muuza chipsi wa pale chini?

LAZARO: Chama kinaanza na watu wawili wanaokataa.

NEEMA: Basi hapa yupo mmoja.

LAZARO: Sikubali.

NEEMA: Usikubali. Mimi kesho saa mbili usiku nipo kazini.

(kimya kidogo)

LAZARO: Haya. Karatasi. La kwanza, hifadhi rasimu zako zote, zikiwa na tarehe, na picha za daftari. Maana kuna wateja wanapitisha kazi kwenye vile vipimo vya kutambua mashine, na vinakosea. OpenAI wenyewe, wale wenye ChatGPT, walikiondoa cha kwao Julai 2023 kwa sababu hakikuaminika. Na mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vipimo 7 kwa insha 91 za Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani zaidi ya nusu zilipewa jina la mashine.

NEEMA: Yaani sisi.

LAZARO: Yaani sisi kabisa. Unaandika Kiingereza cha kunyooka ulichofundishwa kwa fimbo, unaambiwa wewe ni kompyuta. La pili…

NEEMA: Fundi anaonyesha kidole.

LAZARO: Kimoja ni dakika moja?

NEEMA: Kwaya wapo mlangoni, studio ni yao kuanzia saa kumi.

LAZARO: Yamebaki manne!

NEEMA: Sema moja tu. Sema la bei.

LAZARO: Hilo ni la tano, lina maelezo marefu.

NEEMA: Rasimu ya mashine toza kwa saa, siyo kwa neno, na uliza imetoka wapi kabla hujataja bei. Nimemaliza.

LAZARO: Umelisema vibaya.

NEEMA: Wiki ijayo utalisema vizuri. Karibuni, kaka zangu, ingieni, hiyo maiki msiivute, waya wake umelegea.